Betri za taa za dagaa zinakata usiku wa manane lakini mita inasoma vizuri. Naomba msaada kabla sijanunua seli

DadaTaa_Igombe:
Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Niko Igombe, Mwanza, nina kibanda hapa mwaloni, nachaji betri na kukodisha taa kwa mitumbwi ya dagaa. Baba aliifanya kazi hii enzi za karabai na mafuta ya taa, mimi nimeikuta kwenye LED. Betri zangu ni lithiamu aina ya LiFePO4, volti 12.8, ampia-saa 36. Ndani kila moja ina seli 24 za duara nene, zile za 32700, zimepangwa sita sita sambamba, halafu makundi manne kwa mfululizo, na BMS juu yake, kile kibodi kinacholinda seli. Kila betri inawasha taa moja ya wati 40.

Tatu zinanitia aibu. Vijana wanawasha saa moja jioni. Moja inazima saa saba usiku, mbili zinajikongoja mpaka saa tisa hivi. Zilizo nzima zinafika alfajiri. Taa ikizima katikati ya ziwa dagaa wanatawanyika, na asubuhi mwenye mtumbwi halipi, tena ana haki.

Kinachonichanganya ni hiki: zikitoka kwenye chaja na kupumzika, mita inasoma 13.4, sawasawa na betri nzima. Na ikishazima, ukiiacha nusu saa inawaka tena dakika chache halafu giza. Fundi mmoja wa mjini kaniambia ninunue seli zote 24 kwa kila betri. Fedha hiyo sina, na hata ningekuwa nayo ningetaka kujua ninalipia nini. Kifuniko naweza kufungua. Mita ninayo ya kawaida, chaja yangu ni ya 14.6, ampia 10. Mbalamwezi imeingia, mitumbwi imelala, kwa hiyo muda ninao.

SpeaNyakato:
Dada usijitese. Peleka skrepa, rudi kwenye N70, betri ya gari. Hiyo fundi yeyote anaijua.

Mvuvi_Kayenze:
N70 utaibeba wewe mkuu? Njoo uipandishe mtumbwini na mawimbi haya, halafu uishushe asubuhi huna usingizi. Sisi tulishaiacha.

FundiMlangoMmoja:
Dada wa Igombe, funga pochi kwanza.

Hiyo 13.4 haikwambii kitu. Ni jumla ya makundi manne, na jumla huficha. Matatu yakiwa na 3.35 na la nne 3.33 unapata 13.38, unaona betri iko salama. Tena kwa aina hii ya lithiamu, hata kupima kundi moja moja wakati betri imepumzika ni kazi bure. Volti zake hazifuati chaji. Kundi lenye robo tatu ya chaji na kundi lenye theluthi, mita yako itakuonyesha tofauti isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya volti. Ukweli unatoka sehemu mbili tu: juu kabisa, seli inapopanda kutoka 3.4 kwenda 3.65, na chini kabisa, inapoporomoka kutoka 3.1 kwenda 2.5. Katikati pote ni tambarare. Mafundi wengi wanapima huko huko katikati, wanaona namba zinafanana, basi wanasema zote zimechoka. Ushauri wa kununua seli 24 umetokea hapo.

Sasa BMS. Yenyewe haiangalii jumla, inaangalia kila kundi peke yake. Kundi moja likishuka mpaka kwenye 2.5 hivi inakata betri nzima, hata kama matatu mengine yana nusu ya chaji. Ukiacha, lile kundi linapumua, volti zinapanda kidogo, BMS inaachia, taa inawaka, kundi linashuka tena. Umeieleza mwenyewe hali hiyo bila kujua. Kwa hiyo kila betri ina kundi moja au mawili yenye shida. Lipi, na kwa nini, daftari litasema.

Fanya hivi. Vua pete na bangili. Volti 12 hazikurushi, lakini pete ikiunganisha viwili kati ya vibati vinavyounga seli inageuka nyekundu ikiwa kidoleni. Bisibisi izungushie tepu. Fanyia nje, ndoo ya mchanga pembeni, na watoto wakae mbali. Betri ziite A, B, C. Makundi yaite K1 mpaka K4, K1 ni lile lenye hasi ya betri nzima.

Chaji, na dakika za mwisho kabisa, chaja ikiwa bado inasukuma, pima kila kundi na uandike. Usingoje ipumzike. Halafu weka mzigo: tafuta taa ya mbele ya gari ya wati 55, inakula ampia nne na nusu hivi, na haidanganyi kama hizi taa za LED zenye kifaa cha kurekebisha umeme ndani. Dakika ya kwanza pima makundi yote manne. Baada ya hapo kila nusu saa. Ukiona kundi lolote limeshuka chini ya 3.1, usiondoke, pima mara kwa mara mpaka BMS ikate, na andika saa. Betri moja inakula siku nzima. Ukitaka njia ya mkato, hapo Makoroboi mjini hawakosi mtu wa kukupa jibu la mkato.

DadaTaa_Igombe:
Asante kaka fundi. Nimepata taa ya gari kwa jirani. Narudi.

Elektroniki_Nansio:
Mngeweza kutumia kifaa cha kupima ukinzani wa ndani, kile chenye waya nne. Dakika mbili unajua seli mbovu.

FundiMlangoMmoja:
Mkuu wa Nansio, kifaa hicho ninacho na nakipenda. Lakini seli sita zikiwa zimefungwa sambamba kinakusomea kundi, si seli, na kundi lenye seli tano nzima na moja iliyokufa linaonekana karibu kama zima. Tena kuna seli ina ukinzani mzuri kabisa lakini inavuja chaji ikiwa imekaa tu. Hiyo kifaa chako hakiioni. Na yeye hana kifaa, ana mita na daftari.

DadaTaa_Igombe:
Nimemaliza zote tatu. Namba hizi hapa.

Betri A. Mwisho wa kuchaji: K1 3.57, K2 3.57, K3 3.66, K4 3.58. Dakika ya kwanza ya mzigo: 3.31, 3.31, 3.30, 3.31. Ilipokata: K1 3.26, K2 3.26, K3 2.49, K4 3.25. Muda: saa nne na dakika tano.

Betri B. Mwisho wa kuchaji: K1 3.64, K2 3.62, K3 3.65, K4 3.37. Ilipokata: 3.22, 3.22, 3.21, na K4 2.50. Muda: saa tano na dakika ishirini.

Betri C. Mwisho wa kuchaji: K1 3.37, K2 3.37, K3 3.64, K4 3.66. Ilipokata: K1 2.50, K2 2.62, K3 3.21, K4 3.21. Muda: saa tano na dakika arobaini.

Kwa B na C dakika ya kwanza makundi yote yalikuwa karibu sawa.

FundiMlangoMmoja:
Safi sana. Kuna watu wenye duka na bango ambao hawawezi kuniletea karatasi kama hii.

Linganisha juu na chini, hapo ndipo penye jibu. Betri A: K3 juu yuko mbele ya wenzake, chini anakufa wa kwanza. Kundi linalojaa mapema na kuisha mapema lina tumbo dogo. Betri B: K4 juu yuko nyuma, chini anaisha wa kwanza. Huyo tumbo lake linaweza kuwa zima kabisa, ila hashibi; kila siku anaanza safari akiwa na chaji pungufu. Hizi ni shida mbili tofauti, na ukinunua seli kwa ajili ya B kabla ya kujua chaji inakoenda huenda umetupa hela, maana kama shida haiko kwenye seli, mpya nazo zitakaa hivyo hivyo baada ya wiki chache.

Turudi A. Saa nne na dakika tano kwa ampia 4.5 ni ampia-saa 18 na kidogo. Betri ni ya 36. Nusu kamili. Seli sita zikizeeka zinazeeka kila moja kwa namna yake, hazikupi nusu iliyonyooka hivyo. Mimi nasema seli tatu kati ya sita hazifanyi kazi kwa sababu hazijaungwa. Kama kundi lako limepangwa safu mbili za tatu tatu, tafuta mahali kibati cha nikeli kilipokatika kati ya safu na safu.

Elektroniki_Nansio:
Hapo nina swali fundi. Kundi kuwa juu wakati wa kuchaji na chini wakati wa mzigo, hata kiungo kilicholegea kinafanya hivyo. Ukinzani wa kiungo unaongeza volti umeme ukiingia na kupunguza ukitoka. BMS inaona kama seli.

FundiMlangoMmoja:
Swali la mtu anayejua kazi. Ndiyo maana nilitaka dakika ya kwanza. Kiungo kilicholegea hakingoji saa nne. Kinajionyesha papo hapo mzigo unapowekwa, na ukitoa mzigo volti zinarudi papo hapo. K3 dakika ya kwanza alikuwa 3.30, wenzake 3.31. Kiungo kibovu kingemshusha pale pale.

Dada, kwenye A washa taa ya gari tena, na safari hii usiguse kibati. Pima kila seli ya K3 kwenye mwili wake wenyewe, kichwa na kitako. Zinazofanya kazi volti zitashuka na mzigo. Zile zilizokatika hazitashuka, zitakaa pale pale kama hazihusiki, na kweli hazihusiki.

Kwa B: betri ikiwa imepumzika, kwenye 3.3 hivi, chomoa plagi ndogo ya waya za BMS. Waya ile inayoenda kwenye chanya ya K4, itoe pini yake kwenye plagi, rudisha plagi, halafu mita iweke kwenye miliampia na uiunganishe kati ya waya na pini. Betri ikiwa imepumzika BMS haipaswi kusawazisha chochote, yaani kumwaga chaji ya kundi lililo juu ili lilingane na wenzake, kwa hiyo usome karibu na sifuri. Ukisoma makumi ya miliampia, swichi ya rezista ya kusawazisha ya K4 imekwama ikiwa imewashwa na inakunywa kundi hilo mchana na usiku. Ukisoma sifuri, basi seli ndiyo inayovuja yenyewe kwa ndani; hapo jaza K4, acha plagi nje wiki mbili, na kama inashuka peke yake tutaanza kutafuta seli gani.

Na C... nakuuliza tu. Vijana wa mtumbwi huo wana redio?

DadaTaa_Igombe:
Redio? Mtumbwi upi usio na redio? Kwa nini?

FundiMlangoMmoja:
Makundi mawili yanayofuatana, kuanzia hasi, yote yako nyuma kwa kiasi kinachokaribiana. Seli hazipangi kuugua hivyo. K1 na K2 kwa pamoja ni volti 6.4 mpaka 6.6. Redio ya betri nne kubwa inataka volti 6. Fungua kifuniko uangalie kati ya K2 na K3 kama hakuna waya usioujua.

Mvuvi_Kayenze:
😂😂😂 Fundi umetukamata.

DadaTaa_Igombe:
Nimecheka mpaka mama akaja kuuliza. Waya upo! Mwembamba, mwekundu, umepitishwa chini ya BMS na kutokea kwenye tundu la skrubu, ncha imefichwa chini ya tepu nyeusi. Mwenye mtumbwi amemwita kijana, amekubali, anasema "si betri ni volti 12, redio ingeungua". Sasa nifanyeje na C?

A pia umepatia. Kibati cha K3 upande wa hasi kimekatika kabisa katikati, kilikuwa kimeoza kwa kutu. Seli tatu zinasoma 3.33 hata taa ikiwaka, nyingine tatu 3.27.

B nimesoma miliampia 41. Ni nyingi?

FundiMlangoMmoja:
41 ni nyingi sana. Ndiyo ampia-saa moja kila siku inayomwagika kutoka K4 peke yake. Halafu usidhani BMS nzima ingeliziba pengo hilo yenyewe. Hizi za kawaida zinasawazisha kwa miliampia 30 mpaka 60, tena pale juu tu, seli zikiwa zimekaribia kujaa. Pengo la ampia-saa 10 kwa miliampia 50 ni saa 200 za kukaa kwenye chaja. Wewe taa ya kijani ikiwaka tu unachomoa, kwa sababu mteja amesimama mlangoni.

Kwa B, nunua BMS. Dukani useme "ya LiFePO4, makundi manne". Kuna nyingine ya makundi manne inafanana nayo rangi na umbo, lakini ni ya lithiamu ya laptop. Hiyo inaruhusu seli ifike 4.2 na kwa zako hilo ni janga. Ukifunga, kabla hujachomeka plagi ndogo weka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri na upite pini moja moja: 3.3, 6.6, 9.9, 13.2. Zikiruka mpangilio usichomeke.

Kabla ya hapo jaza makundi yaliyo nyuma, K4 wa B, na K1 na K2 wa C, kila kundi peke yake. Tumia chaja ya seli moja inayoishia 3.65, au pawasapulai ya fundi wa simu iliyowekwa 3.6 na ampia tano, saa mbili tatu hivi, umekaa hapo. Vile vibodi vidogo vya kuchajia vya TP4056 usivitumie, vyenyewe vinaishia 4.2. C haina ugonjwa wowote. Toa waya, jaza makundi mawili, rudisha kazini.

A ndiyo inataka mkono. Usiunganishe zile seli tatu na wenzake hivi hivi, kwa sababu chaji zao hazilingani tena, na mita haikuonyeshi hilo kwa sababu niliyokwisha sema. Zikigusana ghafla umeme utakimbia kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa nguvu. Jaza tatu za kwanza mpaka 3.6, jaza tatu za pili mpaka 3.6, ndipo upige kibati kipya. Kipigwe kwa mashine ya spoti, ile ya kulehemu nukta nukta, si kuchomea kwa risasi, joto la pasi linaua kitako cha seli. Na kibati kiwe nikeli kweli. Hicho kilichooza ni chuma kilichopakwa nikeli juu. Sumaku haitakusaidia kutambua, inashika vyote viwili. Kwangua kipande, kiloweke kwenye maji ya chumvi usiku mzima. Asubuhi chuma kitakuwa na kutu.

Halafu hilo boksi la A, chunguza mpira wa kifuniko. Kibati hakiozi kwa hewa tu. Maji ya ziwa yanaingia na yanakaa chini, upande ule ule ulipokatika.

DadaTaa_Igombe:
Mpira ulishatolewa, sijui na nani. Kuna kipande cha kanga mle ndani badala yake.

Kaka, kipimo cha siku nzima siwezi kufanya kwa kila betri kila mwezi. Nina zaidi ya hizi tatu.

FundiMlangoMmoja:
Huna haja. Kila mbalamwezi pima juu tu, dakika za mwisho za chaja, makundi manne, kila betri na ukurasa wake. Lililobaki nyuma ya wenzake utaliona mapema, kabla halijafika pengo la kukuzimia taa. Tumbo dogo halionekani sana juu, kwa hiyo betri ambayo vijana wanasema imepungua masaa ndiyo uiwekee taa ya gari. Na ukikuta kundi limewahi kulala chini ya volti 2 kwa siku nyingi, usilifufue kwa nguvu hata kama linapokea chaji. Shaba ya ndani inaweza kuwa imeyeyuka, na ukichaji inajijenga mahali pasipotakiwa. Hiyo ndiyo inayokuja kupata moto baadaye bila sababu.

BodaUmeme_Igoma:
Fundi na mimi nina ya pikipiki ya umeme, makundi 20, inakata nikipanda mlima tu, kwenye tambarare inaenda vizuri. Ni seli?

FundiMlangoMmoja:
Fungua uzi wako mkuu, uje na namba za makundi yote 20 ukiwa na mzigo. Ila kama inakata mlimani tu na inarudi ukisimama, anza na viungo.